Sura ya 6: Ufunguo Uko kwa Nani?

Anayenunua simu kwa mkopo hutoka dukani na kioo kipya, kava alilopewa kama zawadi, na programu moja ambayo hakuiomba wala hawezi kuifuta. Programu hiyo ni kimya. Haileti matangazo, hailambi chaji, na kwa wiki nyingi mwenye simu anaweza kusahau kwamba ipo. Siku atakayochelewa kulipa ndiyo siku atakayoiona. Kioo chote kinageuka notisi: kiasi anachodaiwa, namba ya kulipia, namba ya huduma kwa wateja. WhatsApp haifunguki, picha za watoto hazifunguki, ramani haifunguki. Kinachobaki, kwa kawaida, ni kupiga simu za dharura na kulipa deni. Akilipa, baada ya muda mfupi simu inarudi ilivyokuwa na kila kitu chake kiko palepale.

Kwa dereva wa bodaboda anayeitwa na wateja kupitia programu, au muuza vitenge ambaye duka lake lote liko kwenye status, saa hizo chache ni riziki ya siku nzima iliyopotea. Na ni riziki hiyohiyo iliyokuwa ilipe deni.

Ufundi wenyewe haukuanzia kwenye simu. Mwaka 2012 kampuni ya M-KOPA iliingia sokoni Kenya ikiuza umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Ndani ya kisanduku cha betri kulikuwa na laini ya simu. Mteja akilipa kwa M-Pesa, kisanduku kinapata amri ya kuendelea kuwasha taa, asipolipa, giza. Baadaye kampuni hiyo ikahamia kwenye simu, na Julai 2020 Safaricom na Google wakazindua Lipa Mdogo Mdogo, mpango uliomwezesha mteja kuchukua simu ya 4G kwa malipo yanayoanzia shilingi 20 za Kenya kwa siku. Leo, kuanzia Kampala hadi Dar es Salaam, simu ya mkopo ni jambo la kawaida kabisa, na mawakala wake wamejaa stendi na sokoni.

Sitaki kuwaonea wakopeshaji. Mtu asiye na hati ya nyumba, asiye na mshahara unaopitia benki wala mdhamini mwenye jina, benki haimtazami mara mbili. Kufuli hili ndilo lililomfanya akopesheke, kwa sababu simu yenyewe imekuwa dhamana ya deni lake. Wapo wengi walioacha kitochi na kushika simu ya kupangusa kwa njia hii tu. Anayedai makufuli yote yaondolewe leo anadai, bila kukusudia, kwamba watu hao warudi kwenye kitochi. Ninachouliza mimi ni kufuli linaweza kufanya nini zaidi ya kufunga, na linaondoka lini.

Tuanze na uwezo wake. Google ilipotoa Android 5.0 mwaka 2014, iliweka ndani ya mfumo nafasi maalumu inayoitwa mmiliki wa kifaa. Nafasi hiyo ilikusudiwa maofisini. Mwajiri anampa mfanyakazi simu ya kazi, na anataka aweze kuifunga ikipotea, kuzuia programu fulani, na kufuta kila kitu mfanyakazi akiacha kazi. Kwa simu ya ofisi hayo ni haki. Wakopeshaji wengi wamekuja kukaa kwenye kiti hichohicho cha mwajiri. Kiti hujazwa pale simu inapoandaliwa kwa mara ya kwanza, kabla mnunuzi hajaweka akaunti yake, na mfumo unakubali mkaaji mmoja tu. Ndiyo maana ukiingia kwenye mipangilio kuitafuta ile programu, kitufe cha kufuta kimefifia, hakibonyezeki. Ndiyo maana pia kurudisha simu kwenye hali ya kiwandani hakusaidii. Njia hiyo imezibwa, na hata fundi akiipata, simu ikionja intaneti tu namba yake ya utambulisho, IMEI, inatambuliwa na kufuli linarudi.

Mkaaji wa kiti hicho ana nguvu nyingi. Kwa kutegemea toleo la mfumo na jinsi alivyojipanga, anaweza kuzuia programu zisisakinishwe, kusakinisha nyingine bila kuuliza, kuzima kamera, hata kufuta simu nzima akiwa mbali. Sisemi kwamba mkopeshaji wako anafanya hayo. Nasema uwezo anao tangu siku ya kwanza, na mteja ana haki ya kuambiwa hivyo kwa Kiswahili cha kawaida kabla hajasaini, kama anavyoambiwa kiasi cha kulipa kwa siku.

Kuhusu kuondoka kwa kufuli, nenda mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam. Mafundi simu wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na meza yake, taa yake na mashine yake ya hewa moto. Dada mmoja anaweka simu mezani.

“Kaka, naomba unitolee hii.”

Fundi anaigeuza, anasoma maandishi kwenye kioo, anairudisha mezani. “Dada, hii ni ya mkopo. Umebakiza shilingi ngapi?”

“Nimemaliza. Mwezi uliopita.” Anatoa simu nyingine, ndogo, na kumwonyesha ujumbe wa malipo ya mwisho.

“Basi wapigie wenyewe waifungue. Mimi nikiiflashi leo, kesho ukiweka bando itajifunga tena, halafu utarudi kunidai hela yako.”

“Nimewapigia. Wanasema nisubiri, mfumo unasumbua.”

Fundi huyo alikuwa mwaminifu. Meza chache mbele angempata mwingine ambaye angechukua pesa, akaingiza mfumo wa simu wa kuokoteza mtandaoni na kumrudishia kitu ambacho hakuna ajuaye kina nini ndani. Wengine huthubutu hata kubadilisha IMEI, na hilo nchini Tanzania ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mtu aliyelipa deni lake hadi senti ya mwisho anasukumwa kwenye meza moja na mwizi wa simu. Kwa hiyo namshauri kila anayekaribia kumaliza mkopo: kabla ya kutuma rejesho la mwisho, omba kwa maandishi kwamba simu itaachiwa, na baada ya kulipa ingia kwenye mipangilio ya usalama, fungua orodha ya wasimamizi wa kifaa, uone kama jina la mkopeshaji limetoka. Likiwa bado lipo, deni limekwisha kwa upande wako tu.

Serikali nazo zina ufunguo wao. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu zote zilizohesabiwa kuwa bandia, na Juni 16, 2016 Tanzania ikafanya vivyo hivyo. Watanzania walibonyeza *#06# kupata IMEI, wakatuma zile tarakimu 15 kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, wakasubiri hukumu. Sababu za serikali zilikuwa na uzito, lakini hasara ilimwangukia mnunuzi aliyelipia simu yake dukani mchana kweupe, na mwenye duka akaendelea na biashara.

Kufuli ambalo watu wengi hawalijui kabisa ni la mtengenezaji, na hilo lipo hata kwenye simu uliyonunua taslimu.

Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream, iliingia madukani Marekani Oktoba 2008 kwa jina la G1. Ilikuwa na kibodi ya kutelezesha. Wiki chache baadaye mtumiaji mmoja alikuwa akichati na mpenzi wake, ambaye alitaka kujua kwa nini kachelewa kujibu. Alikuwa ametoka tu kuizima na kuiwasha simu, basi akaandika neno moja la Kiingereza lenye maana hiyo: reboot. Simu ikazima na kuwaka tena papo hapo. Ikabainika kwamba kwa kosa la watengenezaji, kila kilichochapwa kwenye kibodi kilikuwa kikipelekwa pia, nyuma ya pazia, kwenye kiini cha mfumo, na kutekelezwa kama amri yenye mamlaka ya juu kabisa. Lilikuwa kosa la hatari, na Google iliharakisha kulirekebisha. Lakini baadhi ya wenye G1 waliyakataa marekebisho hayo. Kwa mara ya kwanza walikuwa na amri kamili juu ya kifaa walichokilipia, na waliona ajabu kwamba mlango wa chumba chao wenyewe umefunguka kwa bahati mbaya.

Kutoka miongoni mwa watu wa namna hiyo, mwaka 2009 mwanaprogramu Steve Kondik alianza CyanogenMod, mfumo wa Android uliorekebishwa na watumiaji kwa ajili ya watumiaji. Ulikuwa na faida moja inayotugusa sana sisi. Simu ambayo mtengenezaji ameitelekeza bila masasisho iliweza kupata mfumo mpya na kuishi miaka zaidi. Kampuni iliyoanzishwa baadaye kwa jina hilo ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2016, na wanajamii wakaendeleza kazi kwa jina la LineageOS, ambayo ipo hadi leo.

Watengenezaji walijibu kwa kufunga mlango wa chini kabisa, yaani ile programu ndogo inayoamka kwanza simu ikiwashwa na kuamua mfumo gani uruhusiwe kuendelea. Mwaka 2011 HTC ilipoanza kuuza simu zenye mlango huo uliofungwa, wateja waliufurika ukurasa wake wa Facebook kwa malalamiko mpaka Mei mwaka huo mkuu wa kampuni, Peter Chou, akatangaza kwamba wamesikia na hawataufunga tena. Naikumbusha habari hii kwa sababu watu hupenda kusema kampuni kubwa hazisikii. Zilisikia, kwa sababu waliolalamika walijua hasa wanataka nini na walikuwa wateja wao. Lakini upepo uligeuka. Mwaka 2018 Huawei, ambayo ilikuwa ikiwapa wenye simu namba za kufungulia mlango huo, ilitangaza kwamba inaacha.

Na anayefanikiwa kuufungua, au kuipa simu yake ile mamlaka ya juu ambayo mafundi huita kuiruti, anakutana na adhabu nyingine. Programu za benki zinaweza kuuliza mfumo wa Google kama simu hii bado iko kama ilivyotoka kiwandani. Jibu likiwa hapana, nyingi zinakataa kufunguka. Nchini kwetu Tanzania, ambako pesa ya mtu iko kwenye simu kabla haijawa mfukoni, hiyo ni adhabu nzito. Kitu kinachonishangaza ni kwamba mtu huyohuyo, kwa simu hiyohiyo, akipiga *150*00# ya M-Pesa anatuma pesa bila kuulizwa chochote, kwa sababu menyu hiyo inategemea laini na namba ya siri, haijali simu ina mfumo gani. Kitochi kinaaminiwa kuliko simu ambayo mwenyewe ameichagulia mfumo.

Hoja ya benki ninaielewa. Simu iliyofunguliwa ovyo inaweza kubeba programu inayosoma namba za siri. Lakini kuna njia ya tatu, na imekwisha kujengwa. GrapheneOS, mfumo uliotengenezwa kwa simu za Pixel, unamruhusu mtumiaji kufungua mlango ule wa chini, kuingiza mfumo wake, kisha kuufunga tena ukiwa unatambua sahihi ya mfumo huo mpya. Simu inakuwa imefungwa barabara dhidi ya mwizi na dhidi ya programu mbaya, na aliyeamua ikubali mfumo gani ni mwenye simu. Kwa hiyo usalama na mamlaka ya mwenye mali vinaweza kukaa nyumba moja. Pale visipokaa, kuna mtu ameamua visikae.

Tena kufuli la mtengenezaji halizuii kila uovu. Agosti 2020 watafiti walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi zilizokuja nazo tangu zikiwa mpya kwenye boksi. Ziliitwa Triada na xHelper. Zilikuwa zikijaribu kuwaunganisha watu na huduma za kulipia bila wao kujua, zikila bando na salio, na xHelper ilikuwa na sifa ya kurudi hata simu ikifutwa yote. Transsion, wenye Tecno, walisema tatizo lilitokana na mmoja wa wahusika katika mnyororo wa ugavi. Huenda ni kweli. Bado, aliyekuwa akijiuliza kwa nini vocha ya jero inakwisha kabla ya adhuhuri alikuwa na simu isiyomruhusu kung’oa mzizi wa tatizo, kwa sababu ulikuwa umepandwa kwenye sehemu ambayo yeye hana ruhusa ya kuigusa.

Kwa programu za kawaida zilizokuja na simu, zile zisizo hasidi ila zinajaza nafasi na kula data, kuna dawa isiyohitaji kufungua mlango wowote, na nasikitika kwamba ni wachache wanaoijua. Nenda kwenye Mipangilio, kisha Kuhusu simu, tafuta nambari ya muundo na uiguse mara saba. Baada ya hapo simu inakufungulia menyu mpya, Chaguo za wasanidi programu. Humo washa utatuzi wa USB, chomeka simu kwenye kompyuta yenye programu ndogo ya bure ya Google inayoitwa adb, na kwa amri ya mstari mmoja unaweza kuiondoa programu kwenye akaunti yako ya mtumiaji. Faili lake linabaki kwenye sehemu iliyofungwa, na ukirudisha simu kwenye hali ya kiwandani litarudi, lakini halifanyi kazi tena, halili data, halikusumbui. Tahadhari ni moja: usiondoe usilolijua. Ukiondoa programu inayoendesha laini, simu itabaki kioo cha kujitazamia. Kwa asiye na kompyuta, kuwasha Kiokoa Data na kuzima data ya chinichini kwa programu moja moja kunapunguza makali.

Udhibiti ulioongezeka kweli kwa mtu wa kawaida ni wa ruhusa. Kabla ya Android 6.0 ya mwaka 2015, ulipokuwa ukisakinisha programu ulikuwa ukionyeshwa orodha ndefu ya vitu inavyovitaka, nawe ukubali yote au uiache. Toleo hilo lilileta utaratibu tuliouzoea sasa, programu kuuliza ruhusa moja moja pale inapoihitaji, na wewe kuweza kukataa. Lakini kukataa ni kwa mwenye uhuru wa kukataa. Programu za mikopo ya haraka, wadogo wa kidijitali wa ile mikopo ya riba kali iitwayo kausha damu, zilikuwa zikisema wazi: bila majina ya watu walio kwenye simu yako, hakuna pesa. Mtoto ana homa, ada imechelewa, nani atakataa? Kisha rejesho likichelewa, mama mkwe, mchungaji na bosi wanapigiwa simu kuambiwa kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Watu waliaibishwa ndani ya familia zao kwa deni la elfu thelathini.

Hapa wenye mamlaka walichukua hatua, na zinastahili kutajwa. Kenya ilipitisha sheria mwaka 2021 iliyowaweka wakopeshaji wa kidijitali chini ya Benki Kuu. Google ilikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kuchukua majina na picha za mtumiaji, kuanzia mwishoni mwa Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Ruhusa uliyonayo kwenye kioo haina nguvu kama njaa ndiyo inayobonyeza kitufe, na ndiyo maana nadhani mipangilio ya simu peke yake haitoshi. Lazima pawe na sheria nyuma yake.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi kwenye upande wa matengenezo. Tangu Juni 2025 simu zinazouzwa huko lazima ziwe na vipuri kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa, na masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano. Sheria hiyo haituhusu moja kwa moja, ila zipo simu za mtumba zinazofika kwetu kutoka huko, na simu yenye masasisho ya miaka mitano ikifika Kariakoo ikiwa na umri wa miaka mitatu bado ina maisha.

Jambo linalonitia wasiwasi kwa sasa liko upande mwingine. Sisi ni watu wa kupeana programu. Mmoja anapakua kwa Wi-Fi ya ofisini, jioni anawarushia wenzake kwa Xender au Bluetooth, na bando lao linabaki salama. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kila mtengenezaji wa programu atalazimika kujiandikisha na kuthibitisha utambulisho wake, vinginevyo programu yake haitasakinishika kwenye simu za Android zilizothibitishwa, hata kama hapitii Play Store. Utekelezaji uliwekwa kuanza Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kuenea duniani kuanzia 2027. Sababu waliyoitoa ni matapeli wanaosambaza programu za kuiba pesa, na mtu yeyote aliyewahi kutumiwa kwenye WhatsApp faili la mwaliko wa harusi ambalo ni programu anajua kwamba matapeli hao wapo.

F-Droid, hazina ya programu huria isiyotaka jina wala akaunti ya mtumiaji, ilisema utaratibu huo ungeweza kuiua. Malalamiko yalikuwa mengi, na Novemba 2025 Google ikasema itaweka njia ya watumiaji wazoefu kusakinisha programu zisizothibitishwa baada ya kuonywa, pamoja na akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, yenye kikomo cha simu wanazoweza kuzifikia. Nafuu hizo ni za kweli. Kila kitu kitategemea njia hiyo itakuwa na ngazi ngapi, na kama maonyo yake yataandikwa kwa lugha anayoielewa mama wa Tandika au yatamtisha tu arudi nyuma. Kijana wa Kisumu aliyemtengenezea mwenyekiti wa chama cha akiba programu ya kuhesabu michango, akaituma kwenye grupu la wanachama, hajawahi kuhitaji kibali cha mtu yeyote nje ya chama hicho, na sioni kwa nini sasa akiombe California.